Baba watoto ameshika advansi, nyumba yetu ya Tandale naiona inaondoka

BARUA

Shikamoo Mama. Naomba jina langu usilitoe, maana mtaa wetu ni mdogo na kila mtu ana simu.

Mimi na mume wangu tuna nyumba Tandale. Tuliinunua 2012 kwa milioni 13, vyumba vitano na uani penye nafasi ya kamba moja ya nguo. Nusu ya hela ilitoka kwenye michezo yangu miwili ya kupokezana hela, nusu alitafuta yeye. Ilikuwa bei rahisi kwa sababu iliyojulikana na kila mtu: masika maji yalikuwa yanaingia ndani. Shemeji zangu walisema tumenunua bwawa lenye mabati juu.

Nisikudanganye, tumeteseka. Mvua ikianza usiku unasikia mtu huko nyuma anazibua choo chake kiende na maji. Wenyewe tunaita kutapisha. Asubuhi unafungua mlango unakutana na uchafu wa nyumba nne, na watoto wa shule wanapita humo humo viatu wameshika mkononi. Kipindupindu kilipoingia Kinondoni 2015, jirani tuliyechangia naye ukuta alibebwa usiku kupelekwa kambini. Alipona, akahama.

Tulivumilia kwa sababu tuliambiwa mtaa utabadilika, na kwa kweli umebadilika kiasi. Mto Ng'ombe umejengewa zege, lami imekuja, taa zinawaka. Bajaji sasa inafika mlangoni, mahali ambapo zamani hata jeneza tulilitoa kwa mabega mpaka barabara kubwa. Taa zilipowaka nikavunja dirisha la chumba cha mbele nikatoa fremu ya biashara. Nasuka, nauza rasta na mafuta, na wateja wananijua kuanzia Mtogole mpaka Manzese. Vyumba viwili nimepangisha, elfu 50 kila kimoja kwa mwezi.

Sasa tatizo. Mwezi uliopita dalali alikuja na mtu anayetaka nyumba tatu za mstari wetu avunje ajenge ghorofa la kupangisha. Jirani mmoja ameshauza. Sisi tumeahidiwa milioni 65. Mimi nilisema hapana, nikadhani yameisha. Wiki iliyopita mpangaji wangu akaniuliza, "Mama Nasra, sisi mtatupa muda gani wa kutafuta chumba?" Ndipo nikajua mume wangu ameshapokea milioni mbili za advansi na ameweka sahihi kwenye karatasi kijiweni kwa dalali, na mashahidi wawili. Nyumba ina karatasi ya mauziano tu ya serikali ya mtaa, na jina lililoandikwa ni lake peke yake.

Nilipomuuliza hakugomba. Angegomba ningejua pa kuanzia. Alisema amechoka. Yeye ni winga Kariakoo, anatafutia maduka wateja, anaondoka alfajiri anarudi usiku, na anasema kila akirudi anamkuta mtoto wetu wa kiume, ana miaka 15, amekaa kijiweni na vijana asiowapenda. Tangu Panya Road, wale vijana wavamizi, walivyotutia hofu 2022 hana usingizi mzuri. Anataka tununue kiwanja Chanika, tujenge, tupumue. Anasema, "Tandale imekuwa inabadilika tangu sijaoa."

Mimi naamini mtaa huu unafufuka. Kariakoo nayo si ilikuwa nyumba za Kiswahili, leo ni maghorofa matupu? Nikiuza leo, kesho nitapita hapa na daladala niangalie ghorofa limesimama juu ya jiko langu.

Na jambo dogo, ila linaniuma. Nasra yuko kidato cha tatu. Akirudi shule anashuka Sinza kwa Remmy, anaagana na wenzake, halafu anatembea kwa mguu mpaka nyumbani. Amewaambia anaishi Sinza.

Je, nina haki yoyote na jina si langu? Na tuuze, au tuendelee kungoja?

Mama Nasra, Tandale

JIBU

Marahaba mwanangu.

Tuanze na hizo milioni mbili, maana ndizo zenye haraka. Haki unayo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi, haitolewi zawadi wala haiwekwi rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, hata kama karatasi ina jina la mmoja. Na wewe una mchango wako humo ndani, hela za michezo miwili si utani. Kwa hiyo kile alichosaini kijiweni ni ahadi aliyoitoa kuhusu kitu ambacho peke yake hawezi kukiuza.

Ila haki ikikaa kimya hununuliwa pamoja na nyumba. Andika barua kwa mwenyekiti wa serikali yako ya mtaa, kwa sababu mauziano ya nyumba zisizo na hati huwa yanapita mezani kwake. Useme hiyo ni nyumba ya ndoa, wewe ni mke, na hujaridhia mauzo. Ipeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Nakala ya tatu mpe dalali mkononi, mbele ya mtu. Mnunuzi akishajua kuna mke asiyekubali hawezi kuja kesho kusema hakuambiwa. Ukiona maji yanazidi unga, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake) wanatoa msaada wa sheria kwa wanawake wasio na uwezo wa kulipa wakili. Polisi usianze nao. Hujaibiwa, umepishana na mumeo.

Na kabla ya barua, mwambie yeye kwanza. Akisikia kwa mwenyekiti kama wewe ulivyosikia kwa mpangaji, mtakuwa mmelipana, lakini hamtakuwa mmesaidiana. Kaeni na mtu mzima anayemheshimu, muisome ile karatasi pamoja: imeandika nini advansi ikirudishwa? Hela irudi yote, kwa maandishi, mashahidi wale wale wawili wasaini, na karatasi ya kwanza ichanwe mkiwa mnaiona. Kama ameshaila kidogo, kopeni kikundini muifidie. Deni la kikundi lina mwisho wake.

Sasa kungoja. Hapa nitakuwa na mumeo zaidi kuliko ulivyotarajia.

Unasema mtaa unafufuka, halafu unatolea mfano Kariakoo. Angalia karibu zaidi. Wewe umekaa katikati ya mitaa miwili iliyoguswa na mradi mmoja miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia: Sinza upande mmoja, Manzese upande wa pili. Sinza ilipimwa ikiwa bado pori na mashamba, watu wakapewa viwanja vyenye namba. Manzese watu walikuwa wameshajenga, kwa hiyo walipelekewa barabara, maji na taa palepale walipo, na hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu kabla ya hapo dawa ya serikali kwa mitaa kama ile ilikuwa tingatinga. Miaka hamsini baadaye binti yako anashuka Sinza na kusema ndiko kwao. Hakuna msichana anayeshuka Manzese kwa ajili hiyo. Lami iliwafikia wote wawili. Kiwanja chenye mipaka na hati alipata mmoja.

Na mitaro ya wakati ule unajua iliishiaje. Ilijaa mchanga na mifuko, kwa sababu mradi ulikuwa na siku ya kuzindua na haukuwa na mtu wa kuzibua. Nenda kaangalie mfereji wa Mto Ng'ombe uhesabu magodoro yaliyotupwa humo, ndipo uniambie kama masika ijayo unaitegemea zege au unamtegemea Mungu.

Kwa hiyo swali la kama Tandale itabadilika halikusaidii sana. Itabadilika, ipo kilomita chache kutoka Kariakoo na ardhi ya namna hiyo haiachwi. Kazi yako ni kujua wewe utakuwa umesimama wapi siku hiyo, na kwa karatasi gani. Mtaa unaweza kuja kuchukuliwa wote kwa mkupuo. Watu wa Magomeni Kota, zile nyumba za serikali, walibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 na wakarudi kwenye maghorofa 2022. Fikiria mtoto aliyeondoka pale akiwa darasa la kwanza amerudi ana miaka gani. Walirudi kwa sababu kulikuwa na orodha ya kaya 644 na kila mmoja alijua jina lake limo. Mtaa unaweza pia kupitiwa na mradi, watathmini waje na rangi nyekundu ukutani. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati, na inahesabu hata usumbufu, usafiri, kodi ya nyumba ya kujihifadhi na faida ya biashara inayopotea. Lakini faida ya saluni yako mtathmini ataipata wapi? Daftari unalo? Risiti? Au ipo kichwani kwako tu na kwenye simu iliyopasuka kioo?

Namna ya tatu ndiyo hii iliyokufikia: mnunuzi mmoja, nyumba moja moja, dalali mmoja. Hii haina tangazo wala mkutano wa hadhara. Kariakoo ilikwenda hivyo. Wengine waliuza wakahamia pembezoni, hela ikaisha kabla ya bati. Wengine waliingia ubia: ardhi yangu, hela yako, ghorofa likisimama nipe sehemu yangu kwa mkataba wa wakili. Wa pili ndio wana cha kuwarithisha wajukuu. Ukiangalia tofauti yao huikuti kwenye akili wala bahati. Ipo kwenye karatasi: huwezi kuingia ubia na karatasi ya serikali ya mtaa yenye jina moja.

Ndiyo maana nakuambia, mkishamaliza la advansi, fuatilia leseni ya makazi au urasimishaji, yaani kupimiwa na kupewa hati, kama zoezi limefika mtaani kwenu. Leseni ni ya muda na inahuishwa, hati ni ya miaka mingi hadi 99, vyote ni bora kuliko ulichonacho. Majirani watasimama kwenye mipaka, na nakuonya, kutakuwa na kelele. Tandale mmebanana, mpimaji atataka kila mmoja aachie kidogo njia ipite, na yule mwenye choo chake katikati ya uchochoro atasema babu yake alizikwa pale. Vumilia. Na jina liandikwe la wote wawili. Hilo usilifanye siri wala kisasi, mwambie ni sharti lako la kuendelea kuzungumza habari ya kuuza siku yoyote ile.

Sasa Chanika. Mimi Chanika sina ubaya nayo, nina ndugu kule na wanalala madirisha wazi. Hesabu tu ifanyike yote. Kwenye milioni 65 dalali atakata chake, kuna kodi ya TRA kwenye faida ya mauzo, halafu kiwanja, msingi, ukuta, bati, choo, maji, umeme. Wengi huishia kuhamia kwenye pagale, wanaziba madirisha kwa mabati, wakisema tutamalizia taratibu. Elfu 50 mbili za wapangaji zinakatika siku mnayotoka. Fremu inakatika. Nani Chanika anakujua mkono wako kwenye rasta? Utaanza upya, na mwanamke akihama msusi anatafuta wa karibu, hapandi magari mawili kukufuata. Mumeo naye, winga anatakiwa Kariakoo wakati wateja wa mikoani wanashuka. Atoke saa ngapi? Anayetaka kumwona mwanawe zaidi atamwona kidogo kuliko sasa.

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu wa Jangwani walipewa viwanja Mabwepande, juu, pakavu, hewa safi. Baadhi waliuza wakarudi bondeni. Watu waliwaita wajinga. Mimi sikuwaita hivyo, maana nilijua shughuli zao zilikuwa mjini, na kiwanja hakiliwi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni msiuze sasa. Lakini usibaki kwa sababu ya ghorofa unaloliota. Baki kwa sababu nyumba hiyo inawalisha leo: kodi mbili, fremu, na mume anayefika kazini bila kupoteza nusu ya siku. Mambo hayo yakikoma, hata kabla mtaa haujafufuka, uzeni bila kulia. Na kuna hatari moja nisiyotaka kukuficha. Jirani ameshauza. Wa pili akiuza, mtajikuta katikati ya ukuta wa ghorofa, jua halifiki uani, maji ya bati lao yanashuka kwenu, na bei yenu inaanza kuteremka. Kwa hiyo mtafuteni yule jirani wa pili wiki hii hii, kabla ya dalali. Nyumba mbili zinazoongea kwa sauti moja zinaweza kumwambia mnunuzi habari ya ubia, karatasi zikishakaa sawa. Moja peke yake itangojewa ichoke.

Mumeo umpe kitu pia. Yeye hakuwa na tamaa ya hela, amekimbia kijiwe na kutapisha. Ukimjibu kwa ndoto za Kariakoo atakuona humsikii. Kodi za vyumba viwili ni milioni 1.2 kwa mwaka. Ziwekeni kando zote, mle kwa fremu yako na kwa kazi yake ya Kariakoo, mkanunue kiwanja chake cha Chanika kwa awamu, nyumba ya Tandale ikiwa bado imesimama. Mkague hati ya kiwanja kabla ya kutoa shilingi, maana kule nako madalali wapo. Na huyu kijana wa miaka 15, kijiwe atakipata popote, Chanika kuna vijiwe na pikipiki juu yake. Jumamosi na likizo aende na baba yake Kariakoo akabebe mizigo, aone hela inavyotafutwa. Mumeo atapata ulinzi alioutaka, na bila kuhama.

Wapangaji wako nao wapewe jibu. Aliyekuuliza amekaa roho juu tangu wiki iliyopita, na ndiye aliyekuokoa. Mwambie hamuuzi, na kodi usiipandishe mwaka huu kwa sababu taa zimewaka nje. Hizo taa hukuzinunua wewe.

Kuhusu kutapisha, sheria za afya zinakataza na bwana afya wa kata anajua. Lakini wewe mwenyewe choo chako kinanyonywa kwa gari au kinangoja mvua? Hukusema. Bajaji ikifika mlangoni, hata zile pikipiki za matairi matatu zenye tangi la kunyonyea vyoo zinafika. Changeni mstari mzima mumalize kabla ya Machi.

Nasra mwache kwanza. Usimvizie kwa Remmy, usimseme mbele ya baba yake. Msichana wa kidato cha tatu ana aibu ya kila kitu, angekuwa anaishi Masaki angeona aibu ya gari la baba. Ila siku ya Jumamosi mweke kwenye fremu, ashike daftari la mapato nililokuuliza hapo juu, aandike kila kichwa unachosuka na kila hela inayoingia. Ana hesabu nzuri kuliko wewe na mimi, na mtathmini au benki wakija mtakuwa na cha kuwaonyesha.

Barua ya mwenyekiti iende kabla ya Ijumaa kupita. Jirani wa pili mtembelee leo jioni.